Gondokoro, Kisiwa Kinachoilisha Juba

Mtu aendaye Juba kwa barabara itokayo Nimule hufuata upande wa mashariki wa Mto Nile, kisha huvuka daraja na kuingia mjini upande wa magharibi. Wengi wakishavuka hawageuki tena kuutazama mto. Hutafuta soko, ofisi au nyumba ya jamaa, na mto huachiwa wachota maji, wavuvi na waosha magari. Lakini maji hayo, yakishaupita mji na kuelekea kaskazini, hugawanyika mikono, na kati ya mikono hiyo imelala ardhi tambarare yenye rutuba nyingi na watu wachache. Ardhi hiyo ndiyo Gondokoro.

Jina hilo liliandikwa katika ramani za dunia miaka mingi kabla ya jina la Juba lenyewe. Katika karne ya 19 wazungu, Waturuki na wafanyabiashara wa Khartoum waliijua Gondokoro kuwa mwisho wa safari ya majini, na Juba haikuwa ila kijiji cha Wabari. Mji wa Juba ulianza kukua katika miaka ya 1920 tu. Leo mambo yamegeuka. Juba ni makao makuu ya Jamhuri ya Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011, na Gondokoro ni payam mojawapo ya Kaunti ya Juba katika Jimbo la Equatoria ya Kati. Payam ni kama tarafa kwetu Afrika Mashariki. Kituo cha zamani kilikuwa katika ukingo wa mashariki; siku hizi watu wa mjini wakisema Gondokoro, aghalabu wanakusudia kisiwa.

MTO UNAOJENGA NA KUBOMOA

Ili kukifahamu kisiwa hicho, hapana budi kuanza mbali kidogo. Maji ya Nile hutoka Ziwa Viktoria pale Jinja, hupita Ziwa Kyoga, huingia Ziwa Albert, kisha huelekea kaskazini mpaka Nimule. Toka Nimule mto huteremka kwa kishindo katika miamba ya Fola na maporomoko mengine, na hakuna chombo kiwezacho kupita. Ukifika karibu na kilima cha Rejaf, kusini kidogo ya Juba, mto hupata nafasi. Bonde hupanuka, mteremko hupungua, na maji yaliyokuwa yakikimbia huanza kwenda kwa taratibu. Maji yakipunguza mwendo hayawezi tena kubeba mchanga na tope. Huviacha njiani. Ndiyo sababu visiwa huanza hapo, na ndiyo sababu vilevile meli zitokazo kaskazini zilikomea hapo: toka Kosti hadi Juba ni safari ya kiasi cha kilometa 1,400 majini, na mbele yake ni mawe matupu.

Wenyeji hujua kwamba mto wao una maji ya namna mbili. Kuna maji ya maziwa, ambayo huja mwaka mzima bila kubadilika sana, na kuna maji ya vijito vya milimani, ambayo hushuka ghafula mvua inyeshapo. Mvua za Juba huanza karibu na Aprili na kwisha Oktoba au Novemba. Katika miezi hiyo Mto Aswa na makorongo mengi yaliyo kati ya Nimule na Juba hufurika kwa saa chache, humwaga maji mekundu yenye tope, kisha hukauka tena. Maji ya maziwa ndiyo yanayoufanya mto usikauke wakati wa kiangazi. Maji ya makorongo ndiyo yanayoleta mbolea. Mkulima wa Gondokoro huyahitaji yote mawili, na huyaogopa yote mawili.

Kisiwa chenyewe basi si mwamba, bali ni udongo ulioletwa na mto, na mto haujasahau kwamba ni mali yake. Samuel Baker, Mwingereza aliyepita hapo mara kadhaa, alistaajabu alipofika tena mwaka 1871. Mkondo alioujua miaka michache kabla ulikuwa umezibwa na mafungu ya mchanga, visiwa vipya vilikuwa vimetokea, na vyombo vyake havikuweza kukisogelea kituo cha zamani kama kwanza. Mzee wa kisiwani akimwonyesha mgeni mahali fulani katikati ya maji na kusema kwamba hapo palikuwa na shamba la baba yake, mgeni asidhani kwamba anatiwa chumvi.

MABWANA WALIOKUJA NA KUONDOKA

Gondokoro imepokea mabwana wengi, na hapana hata mmoja aliyekaa sana. Safari ya Salim Kapudan, nahodha aliyetumwa na Muhammad Ali wa Misri kutafuta chanzo cha Nile, ilifika sehemu hizo mwaka 1841. Nyuma yake wakaja wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na pembe zilipopungua wakageukia watu. Mapadri Wakatoliki kutoka Austria, wakiongozwa na Ignaz Knoblecher, walijenga misheni ya matofali mwaka 1853, wakapanda bustani ya ndimu na malimau, wakajifunza Kibari. Homa iliwaua mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1860 misheni ikafungwa. Kilichobaki ni kuta chache na miti ya ndimu, ambayo Baker aliikuta mwaka 1863 bado imesimama, na karatasi za maneno ya Kibari, ambazo zilisaidia kutungwa kwa kitabu cha sarufi ya lugha hiyo kilichochapwa Brixen mwaka 1867.

Mwezi Februari mwaka huo huo wa 1863 ilitokea habari ambayo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuijua vizuri zaidi kuliko inavyosimuliwa kwa kawaida. Vitabu husema kwamba Speke na Grant, baada ya Speke kuona mto ukitoka katika Ziwa Viktoria, waliwasili Gondokoro na kumkuta Baker akiwa amekuja kuwatafuta. Hayo ni kweli. Lakini Speke na Grant hawakufika peke yao. Walikuwa pamoja na mabaki ya msafara uliotoka Unguja mwaka 1860, uliopita Bagamoyo, Tabora, Karagwe na Buganda, na mkubwa wa watu hao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa huru. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika katika ukingo wa Gondokoro zaidi ya miaka 160 iliyopita, kutoka vinywani mwa watu waliotembea kwa miguu toka pwani. Bombay na wenzake waliteremka mto pamoja na mabwana zao hadi Cairo, wakapigwa picha huko, kisha wakarudi Unguja kwa njia ya bahari.

Baker naye alikuwa na Florence, mwanamke mzaliwa wa Transylvania aliyekuwa ameponea chupuchupu kuuzwa utumwani katika nchi za Waturuki. Walipokuwa hapo Gondokoro watu wao wenye silaha waliasi, na Baker alikuwa tayari kupiga risasi. Florence, ingawa alikuwa mgonjwa wa homa, alitoka nje juani, akasimama kati yao na kupatanisha. Damu haikumwagika.

Baker alirudi mara ya pili akiwa na cheo cha pasha na jeshi la Misri. Tarehe 26 Mei 1871 alipandisha bendera, akaitangaza nchi kuwa mali ya Misri na kukiita kituo Ismailia. Askari watalifahamu upesi jambo lililofuata. Jeshi kubwa lilikuwa mahali ambapo njia ya kurudi nyuma ilizibwa na magugu ya Sudd, na chakula kikapungua. Wabari, ambao walikuwa wameona ya kutosha kutoka kwa wenye bunduki, walikataa kuuza ng'ombe na nafaka. Baker aliteka ng'ombe wao, kisha akayashambulia maghala ya Belinian kwa ajili ya mtama. Askari wengi walichoka na kuugua, na sehemu kubwa ya jeshi ikarudishwa Khartoum mwaka huo huo. Wakati huo huo, bustani za mboga zilizolimwa na askari wenyewe kando ya mto zilikuwa zikistawi vizuri. Ni ajabu kwamba jeshi lililokuja kuitawala nchi lilinusurika kwa kunyang'anya mtama huku limekaa juu ya udongo ulio bora kuliko wote katika nchi ile.

Mambo mengine yaenda upesi. Gordon alifika mwaka 1874, akaiona Gondokoro kuwa mahali pa maradhi, akahamishia makao yake Lado, ng'ambo ya magharibi na kaskazini kidogo. Baadaye ukingo wa mashariki ukawa chini ya Uganda. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alitembea toka Nimule hadi Gondokoro katika Februari 1910, akapanda meli kwenda Khartoum. Mwaka 1914 mpaka ukabadilishwa, Gondokoro ikaingizwa Sudan, na baada ya Juba kupata sifa ya mji, Gondokoro ikarudi kuwa mikononi mwa wavuvi na wakulima.

SHAMBA LA MJI

Wenyeji wa kisiwa ni Wabari. Lugha yao ni ndugu wa karibu wa lugha za Wakakwa, Wakuku, Wapojulu, Wanyangwara na Wamundari, hata mtu wa Yei au wa Koboko kule Uganda akifika hapo hapati taabu kubwa ya kusikilizana nao. Nyumba ziko mbalimbali, hazikubanana kama za mjini. Hapo kuna mwembe, pale kuna tukuli, ndiyo nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, halafu shamba, halafu manyasi marefu mpaka ukingoni. Katika masikio ya mtu aliyetoka kwenye kelele za pikipiki na jenereta za Juba, kimya cha kisiwa hicho ni kama kizibo.

Kazi ya kwanza ni kilimo cha mboga. Mvua zikiisha na maji yakianza kushuka, ardhi iliyofunikwa hubaki na unyevu na tope jipya. Hapo hupandwa bamia, nyanya, biringanya, vitunguu, mchicha, kunde na mlenda ule ambao watu wa Juba huuita khudra. Miche huoteshwa karibu na nyumba, kisha hupandikizwa kufuata maji yanavyorudi nyuma, mstari kwa mstari. Penye mwinuko hulimwa mtama, mahindi na mihogo. Wakati wa kiangazi, ambapo mashamba ya bara yamekauka na kupasuka, kisiwa bado ni kijani, kwa kuwa maji ya maziwa yako hatua chache tu na mtu aweza kumwagilia kwa ndoo ikiwa hana pampu. Bei ya mboga mjini wakati huo ni nzuri, na mkulima wa kisiwani hulijua jambo hilo.

Alfajiri mitumbwi hupakiwa mafungu ya mboga yaliyofungwa kwa majani, yakalowekwa maji yasinyauke. Wengi wa wachukuzi ni akina mama. Ng'ambo ya pili mzigo hupelekwa sokoni, hasa Konyo Konyo, soko kubwa la Juba, ambako muuzaji kutoka Gondokoro huketi jirani na mfanyabiashara aliyeleta kabichi na vitunguu kwa lori toka Uganda. Ushindani huo ni mkali. Barabara ya lami ya kilometa 192 kati ya Juba na Nimule, iliyokamilika mwaka 2012, imeshusha bei ya vitu vingi, lakini mboga ya majani haistahimili safari ndefu, na hapo ndipo kisiwa kinaposhinda. Lori likikwama mpakani siku mbili, kabichi huoza. Khudra ya Gondokoro imechumwa leo.

Mboga hizo huliwaje? Nyumba nyingi za Juba hupika mboga ya majani kwa karanga zilizosagwa, chakula ambacho huitwa kombo, na kukila pamoja na asida, ndiyo ugali, au kisra, mkate mwembamba kama karatasi unaopikwa kwa unga wa mtama uliochachushwa. Bamia mbichi zikizidi hukatwa vipande vyembamba, huanikwa juani juu ya mkeka mpaka zikauke kabisa, kisha hutwangwa kuwa unga unaoitwa weka. Kijiko kimoja cha unga huo huufanya mchuzi kuwa mzito, na katika chombo kikavu kilichofunikwa hukaa miezi mingi. Mke wa askari anayehamishwa kituo mara kwa mara atauona kuwa ni ujuzi wa kuigwa, kwa maana bamia mbichi hazihamishiki. Jambo moja la kuangalia: mboga zilizomwagiliwa maji ya mto zioshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, wala zisiliwe mbichi ovyo. Juba imepata milipuko ya kipindupindu zaidi ya mara moja, na mto hupita katikati ya mji kabla ya kufika kisiwani.

Kazi ya pili ni uvuvi. Nile hapo ina sangara, perege, kambale na kamongo. Wavuvi hutumia nyavu, ndoana na mikuki, na kilichobaki bila mnunuzi hukaushwa kwa jua au moshi. Hapo zamani jamii ya Kibari ilitenganisha watu wa ardhi na mifugo na watu wa kazi za ufundi kama uhunzi, na hao wa kazi za mikono walihesabiwa kuwa wa daraja la chini. Siku hizi mwenye mtumbwi mzuri na nyavu nzima huheshimiwa kama mwingine yeyote, na pengine hukopwa fedha kuliko mwingine yeyote.

KUVUKA

Madaraja ya Juba hayakigusi kisiwa. La zamani ni la chuma, la miaka ya 1970. La pili, Daraja la Uhuru lenye urefu wa meta 560, lilijengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwezi Mei 2022. Yote mawili yaunganisha ukingo na ukingo. Aendaye Gondokoro hupanda mtumbwi wa kasia au mashua ya mashine, na safari hiyo fupi ndiyo inayopima kila kitu katika maisha ya huko: bei ya sukari na chumvi, mwalimu atakayekubali kwenda, mgonjwa atakayefika hospitali akiwa hai.

Mchana, mto ukiwa umetulia, kuvuka si kitu. Taabu ni usiku. Mama mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku katika mwezi wa Septemba, mto umejaa, magogo na mafungu ya magugu maji yanapita gizani, na viboko wametoka kula majani. Jamaa hulazimika kukata shauri: wavuke au wangoje kuche. Mamba nao wamo, na wafuao nguo ukingoni hujua mahali pa kusimama na mahali pa kuepuka. Jaketi za kuokolea maisha zingepunguza misiba mingi, na yafaa kusema wazi kwamba mtumbwi uliojaa watu na magunia bila hata jaketi moja si ushujaa. Malaria, ile iliyowamaliza mapadri wa Austria, haijahama. Tofauti ni kwamba leo kuna chandarua chenye dawa na kuna vidonge, mradi viwe vimevuka mto kabla ya mgonjwa kuvihitaji.

MAJI YALIPOKATAA KUSHUKA

Kati ya miaka 1961 na 1964 mvua kubwa zilinyesha katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria, na ziwa likapanda zaidi ya meta mbili. Watu wa Bukoba, Musoma na Kisumu wa makamo hayo waliona maji yakiingia mashambani. Maji yale yale yakateremka Nile. Kwa muda wa miaka mingi mto uliopita Juba ulikuwa mkubwa kuliko ulivyozoeleka, kinamasi cha Sudd kikapanuka kupita kiasi, na ardhi nyingi za chini kando ya mto zikapotea. Kwa mkulima wa kisiwani, gharika ya makorongo ni jambo la siku chache: hupanda kitandani, huhamisha kuku juu ya paa, na maji huondoka yakiacha mbolea. Gharika ya maziwa haiondoki. Huja bila kelele, hupanda kidole kwa kidole, na ardhi hukaa chini ya maji hata mihogo ikaoza na miembe ikafa imesimama.

Jambo hilo limerudi. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifikia kimo ambacho hakijapata kuandikwa tangu vipimo vianze, na mwaka 2024 likapanda tena. Sudan Kusini imeona mafuriko makubwa mwaka baada ya mwaka tangu 2019. Habari nyingi zilizotangazwa zilihusu Jonglei na Unity, ambako miji ilizungukwa na maji, lakini visiwa na kingo za chini karibu na Juba ndivyo vya kwanza kupokea maji hayo yatokapo kusini. Mvua iliyonyesha juu ya bati la nyumba ya Mwanza au Entebbe, baada ya miezi mingi, ni maji katika shamba la Gondokoro.

Ndipo linapotokea swali la ardhi. Kwa desturi ya Wabari ardhi ina mwangalizi wake, monyekak, yaani baba wa ardhi, na mgeni hakuanza kulima bila kupitia kwake. Sheria ya Ardhi ya Sudan Kusini ya mwaka 2009 nayo inatambua haki za ardhi za kimila. Lakini Juba imekua kwa kasi kubwa tangu mwaka 2005 vita vilipokwisha kwa mapatano, viwanja vya mjini vimekuwa ghali, na macho ya watu wenye fedha huvuka mto. Mwenye kisiwa ana shida ambayo wa bara hana: shamba lake hubadilika umbo. Mto ukila eka moja upande wa mkondo na kuweka eka moja ya mchanga upande wa pili, ile mpya ni ya nani? Ya aliyepoteza, ya jirani aliye karibu nayo, au ya mwenye mtumbwi aliyeiona kwanza? Wazee huamua mashauri hayo kwa kumbukumbu: nani alilima wapi, mwaka gani, kabla ya gharika ipi. Karatasi ya mji yenye vipimo na mihuri haijui habari hizo.

Wakati wazee wanashauriana, kazi haingoji. Mchanga mpya ukitokeza nje ya maji mwezi Desemba, wa kwanza kuota ni matete. Matete yakishika, tope hukwama kati ya mizizi yake, na msimu wa pili au wa tatu ardhi hiyo hubeba maboga. Mwanamke wa Gondokoro huujaribu udongo wa namna hiyo kwa kuuchukua kiganjani na kuufinyanga: ukishikana, siku hiyo hiyo huleta jembe na mbegu za bamia.